Mashine haijui kununa

“Hasira,” ilisema mashine sikioni mwa mpwa wangu, kwa sauti yangu mwenyewe niliyoirekodi usiku uliotangulia.

Mtoto akaivua kofia niliyoifunga mashine hiyo ili imsomee nyuso za watu. Hakumtazama bibi yake usoni. Alimtazama kiunoni, halafu akanigeukia. “Mjomba, imekosea. Bibi hana hasira.”

Mamangu alikuwa ameinamia karai akigeuza mahamri, moshi wa mafuta umemwingia machoni, ndita zimejipanga kwenye kipaji. Hata mimi mwanawe ningetoka pale jikoni polepole.

“Wewe umejuaje?”

“Leo amevaa Wema Hauozi.”

Hapa nitamwita Nahodha, maana jina lake ni lake. Ana miaka 11 na anakaa Likoni, Mombasa, kwa bibi yake, pamoja na mamake ambaye ni dada yangu. Akili yake iko kivukoni. Akisikia honi au ngurumo ya injini kutoka barazani atakwambia hiyo ni MV Kwale, ile ni MV Likoni, na hukosea mara chache kuliko watu wanaofanya kazi pale. Kuongea alichelewa, alifika miaka 4 hana maneno kumi. Kusoma, hakuna aliyemfundisha. Tuligundua siku alipousoma ubavu wa matatu kwa sauti, kuanzia jina la gari hadi idadi ya abiria, sisi tuliokuwa tukimbembeleza aseme “maji”.

Usonji wake, yaani autism, ulichelewa kujulikana, na sababu moja hunichekesha ingawa haichekeshi. Madaktari huuliza: ukimsemesha mtoto, anakutazama machoni? Sisi tumelelewa kinyume. Mtoto anayemkodolea macho mtu mzima ni mtovu wa adabu, anayeinamisha uso ndiye aliyelelewa. Basi Nahodha, ambaye ukimsalimu hukitazama kifungo cha shati lako, alisifiwa mtaa mzima. “Mwana ana haya huyu, mashallah!” Alipokuwa na miaka 6 ndipo daktari mmoja wa watoto alipokaa naye saa nzima chini sakafuni, kisha akatuambia neno lenyewe. Mamangu akauliza dawa yake. Akaambiwa hayo si maradhi, wala dawa hakuna. “Basi twendeni nyumbani,” akasema, “mtoto ana njaa.”

Tukapata na mtaalamu wa kumfundisha. Kila Jumanne anamwambia, “Nitazame machoni.” Jumatano bibi yake anamwambia, “Usinikodolee.” Yeye akachagua vifungo.

Mkasa ulioniingiza mimi kazini ulitokea shuleni. Mwalimu alikuwa akiligombeza darasa, Nahodha akacheka. Hakuwa akimcheka mtu. Mdomo wazi, meno nje, macho yametoka: kwake uso ule ulifanana na kicheko, naye akajiunga. Akarudishwa nyumbani na barua yenye neno “jeuri”. Kwa kuwa ni msomaji, aliisoma njiani, na swali lake la kwanza mlangoni lilikuwa, “Jeuri ni nini?”

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi. Mchana napanda ngazi kwenye maduka na magodauni ya watu, usiku najifunza programu. Katika kupekua kwangu ndipo nilipokutana na miwani ya Chuo Kikuu cha Stanford, kule California. Kijana mmoja Mjerumani, Catalin Voss, ambaye ana binamu mwenye usonji, alishirikiana na watafiti akina Nick Haber na Dennis Wall kuipa kazi mpya Google Glass, ile miwani yenye kamera na kioo kidogo pembeni mwa jicho. Google waliiuza dola 1,500, watu wakaichekelea, na Januari 2015 wakaacha kuwauzia watu wa kawaida. Stanford wakaiunganisha na simu. Kamera inamwona mtu aliye mbele, simu inausoma uso, kisha mtoto anaonyeshwa kikatuni cha uso au anasikia neno. Nyuso ni nane: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, karaha, dharau na uso mtulivu. Kulikuwa na michezo pia. Katika mmoja mzazi anaigiza hisia na mtoto anakisia. Katika mwingine mtoto ndiye anayehangaika kumfanya mzazi atoe uso unaotakiwa. Jina la Superpower Glass lilitoka kwa watoto wenyewe.

Wengi huisimulia miwani hii kama muujiza, kwa hiyo nikaitafuta makala yenyewe. Ilitoka Machi 2019 katika jarida la tiba ya watoto, JAMA Pediatrics. Watoto 71 wa miaka 6 hadi 12, wote wakiendelea na tiba yao ya kawaida. 40 kati yao wakapewa miwani ya kutumia nyumbani dakika 20, mara nne kwa wiki, kwa wiki sita. Kwenye kipimo kiitwacho Vineland, upande wa kuchangamana na watu, waliovaa waliwazidi wenzao kwa wastani wa pointi 4.58. Vipimo vingine vitatu vilielekea upande mzuri, lakini si kwa kiasi cha kuitwa ushahidi. Na Vineland hutegemea majibu ya mzazi, naye mzazi alijua fika kama mwanawe anavaa miwani au havai. Kwangu ni kazi ya kuheshimika. Muujiza siuoni. Nilichokipenda ni kwamba miwani ile ilikusudiwa kuvuliwa: inamfundisha mtoto, halafu inarudi sandukuni.

Hawakuwa wa kwanza. Mmisri Rana el Kaliouby, aliyesomea Cambridge, alikuwa Massachusetts na Rosalind Picard mwaka 2006 wakikijaribu kifaa chenye kamera kilichomtikisa mvaaji pale mtu anayezungumza naye anapoanza kuchoka. (Nawajua waheshimiwa kadhaa wa Kaunti ya Mombasa ambao ningewanunulia kwa pesa zangu.)

Dola 1,500 sikuwa nazo. Nilikuwa na ESP32-CAM, kidubwana cha kamera kisichojaa kisanduku cha kiberiti, kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Nikakigandisha kwa gundi ya moto mbele ya kofia ya kepu, waya ukapita kisogoni hadi kwenye pawabenki mfukoni. Picha zinakwenda kwa waifai hadi kwenye laptopu, laptopu inakisia, neno linarudi kwenye kisikizio cha sikio moja. Maneno yote niliyatamka mwenyewe kwa Kiswahili, nikijitahidi kusema “huzuni” kama mtu asiye na huzuni. Baada ya dakika kumi kamera hupata moto. Nahodha alikuwa akiivua na kunikabidhi: “Kofia ina homa.”

Ubongo wa kofia niliufunza kwa picha za FER2013, ambazo kila anayejifunza kazi hii hupitia. Ni nyuso 35,887 zilizokusanywa mtandaoni kwa ajili ya shindano la mwaka 2013, za kijivu, pikseli 48 kwa 48, zimegawanywa mafungu saba ya hisia. Mgawanyo wenyewe ni kichekesho. Fungu la furaha lina karibu picha 9,000, la karaha lina 547. Mashine iliyolelewa hivyo huiona furaha kila kona, na karaha haiitambui hata ikitapikiwa. Yangu ilifika asilimia 63. Nililala vibaya, mpaka niliposoma kwamba binadamu waliopewa picha zile zile walipata kama asilimia 65. Kweli picha ni ndogo, na vibandiko vyake vingine, yaani majina ya hisia zilivyopewa picha hizo, vimekosewa. Hata hivyo nilikaa kitandani nikaitafakari barua ya shule. Sisi tunaosemekana kusoma nyuso bila jasho, kwenye mtihani ule karibu theluthi tunakosa, na hakuna anayetuandikia jeuri.

Tuliijaribu kofia wiki tatu. Jirani alikuja ameshika shavu, jino linamla, amekenua kwa maumivu. Kofia: “Furaha.” Mchana ukumbini, ambako mwanga wa Likoni hauingii hadi alasiri, haikuona mtu kabisa. Sikushangaa sana. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha programu za makampuni makubwa zikikosea hata jinsia za wanawake weusi hadi asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kama mwanamke mweusi mashine haimjui kuwa ni mwanamke, moyo wake itaupatia wapi?

Wageni wa mamangu wengi huja na ninja, macho tu nje. Kofia hunyamaza kimya. Nahodha hakuihitaji hata kidogo. “Huyo ni Bi wa nyumba ya buluu,” anasema kabla hodi haijaitikiwa, kwa kuwa malapa yake ya kushoto hupiga kelele mbili.

Lakini lililonishinda ni kununa.

Dada yangu akinuna, uso wake haukunjiki hata chembe. Unatulia kama maji ya mtungi. Anajibu “haya”, anajibu “hapana, sina kitu”, anakuwekea sahani mezani kwa nguvu iliyozidi ya kawaida kwa uzito wa kijiko kimoja. Watu wazima wote nyumbani tunaanza kutembea kwa vidole. Mashine inamtazama na kusema, “Kawaida.” Mtoto anaamini, anakwenda kumwomba biskuti, na anashangaa kwa nini dunia imemwangukia.

Nilikaa na ile orodha ya hisia nikaona mapengo yake. Haina kununa. Haina haya, haina kijicho, haina ule uso wa mtu anayekwambia “karibu chakula” huku anaomba dua uwe umeshiba. Orodha za namna hii zinatokana na Paul Ekman, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeshikilia kwamba nyuso za msingi husomwa sawasawa na wanadamu wote. Lakini mwaka 2016 mtafiti Carlos Crivelli na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea. Waliwaonyesha vijana uso wenye macho yaliyotoka na mdomo uliobaki wazi, ambao vitabu vinauita hofu. Wale vijana wakasema huyo anatisha, anataka kudhuru. Nikamkumbuka Nahodha na mwalimu wake. Yeye aliona kicheko, Trobriand wangeona tishio, na uso ni ule ule.

Sasa turudi jikoni.

Kwa msomaji wa bara au wa Dar, leso ndiyo kanga. Ile sentensi iliyoandikwa kwenye leso, sisi tunaiita jina. Mwanamke wa Mombasa akienda Mtaa wa Biashara, ambako familia ya Abdulla inauza leso tangu 1887, hachagui rangi peke yake, anachagua jina. Mengine ni ya heri, Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Mengine ni mkuki: Hasidi Hana Sababu. Anayavaa, anapita mlangoni kwa anayehusika, anasalimia vizuri, anaendelea na safari yake. Hakutamka neno, na ujumbe umefika. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima na gundi na waya kutengeneza kitu cha kuvaliwa kitakachomwambia mtoto watu wanahisi nini, na bibi yake anacho kabati zima.

Nahodha alikuwa ameligundua hilo kitambo, peke yake, bila kumwambia mtu. Uso hauna maandishi, leso inayo. Aliweka kumbukumbu: siku za Wema Hauozi bibi hutoa mahamri ya ziada, siku za Japo Sipati Tamaa Sikati hukaa na redio asitake maneno mengi. Alikuwa na data nzuri kuliko yangu, na haikuwa ya kijivu.

Ijumaa moja wifi yake mamangu alikuja baada ya sala. Mamangu alijua anakuja. Alijifunga Sina Siri Nina Jibu, akapika biriani, akawa mkarimu mpaka mimi nikaogopa. Walikuwa na jambo lao la posa ya binti mmoja ambayo mamangu aliisikia mtaani kabla ya kuambiwa. Tumekaa, tumekula, kila mtu anasifu biriani. Nahodha akainua kichwa.

“Bibi, jibu lenyewe ni lipi?”

Dada yangu alimkanyaga mguu chini ya meza, naye Nahodha akasema “aa!” kwa sauti, kwa hiyo hilo nalo likajulikana. Shangazi alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha mamangu. Kisha, kwa maneno ya kawaida kabisa, wakalizungumza jambo walilokuwa wakilivaliana leso tangu Mfungo Mosi. Lilichukua robo saa.

Ningeishia hapo mngedhani leso ilifaulu palipoishinda mashine. La. Wiki mbili baadaye mamangu alivaa Nilikudhani Dhahabu Kumbe Adhabu. Nahodha alilisoma jina lile asubuhi, akatazama huku na huku nyumbani, akaona aliye karibu ni yeye. Akaingia chini ya kitanda. Hakutoka kwa uji, hakutoka hata honi ya feri ilipolia. Saa nne ndipo mamangu, magoti yake yale, akaketi sakafuni.

“Una nini weye?”

“Mimi ni adhabu.”

Ilimchukua muda kuelewa. Akaivuta leso, akaisoma, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Mwanangu, hii nimeivaa kwa kuwa ile nyingine imelowa. Mimi sina neno nawe. Nakupenda.”

Hilo neno la mwisho sikumbuki kumsikia mamangu akilitamka, si kwa baba, si kwetu. Sisi hatuambiani hivyo. Tunapikiana, tunabaniana nyama ya juu, tunaombeana dua. Mwenye kutaka kujua atajua. Na nyumba yetu yote imejengwa juu ya hilo, mwenye kutaka kujua atajua: kwa jicho, kwa fumbo, kwa sahani iliyowekwa kwa nguvu. Mtoto asiyejua tulikuwa tukimpeleka Jumanne akarekebishwe.

Mwingereza Damian Milton, mtaalamu wa jamii ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwenye usonji hatusomi sisi, na sisi hatumsomi yeye, ila lawama huangukia upande mmoja. Nilipomsoma nilijiuliza ni lini niliwahi kuusoma uso wa Nahodha. Akifurahi sana, uso wake haubadiliki; vidole vya mkono wa kulia ndivyo vinavyopiga paja, haraka haraka. Kofia yangu ingesema “kawaida”. Mimi pia, miaka yote hiyo, nilisema kawaida.

Tangu siku ya kitanda mamangu ana desturi mpya. Asubuhi, kabla ya chai, anatangaza: “Leo leso ni leso tu.” Au, “Leo nina ghadhabu na mtu, si weye.” Dada yangu imemwia vigumu zaidi, kununa ni sanaa aliyoirithi. Lakini siku hizi husema, “Nimenuna. Nitakwisha saa kumi.” Na kwa ajabu, saa kumi huwa amekwisha.

Google walisitisha kabisa kuuza Glass Machi 2023. Kofia yangu ilitangulia. Siku moja Nahodha aliniuliza kama ule ubongo unaweza kujifunza kitu kingine, tukaubandua kwenye kepu na kuuweka dirishani kwa jirani yetu wa ghorofani, anayeuona mkondo. Picha amezipiga yeye, vibandiko amebandika yeye, MV Kwale, MV Likoni, MV Jambo na wenzao. Imefika asilimia 94. Feri hazinuni.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kwao nimechoka, nimekosana na mteja, na kwenye foleni nimesimama muda wa kutosha kuchukia bahari. Nikatoa shikamoo, nikaketi pembeni, nikashika simu. Hakuna aliyenisemesha, watu wazima walishanisoma wakanipisha. Nahodha akaja, akasimama mbele yangu, akakitazama kifungo changu cha pili.

“Mjomba, umenuna au una njaa?”

“Vyote viwili.”

Akafikiri kidogo. “Tuanze na njaa,” akasema, akaenda kuniletea mbaazi.